Bahasha ya Mama Nanyori

Mtu akinipa maiki nakuwa mshenzi. Jumamosi ile nilipewa maiki saa saba mchana, kwenye ukumbi mmoja Ngaramtoni, kitchen party ya Nanyori, na kufikia saa tisa nilikuwa nimeshawatukana karibu wanawake wote mle ndani. Nilimwambia shangazi mmoja kwamba wigi lake lilitangulia kufika, yeye amekuja na gari la pili. Nilimwambia katibu wa kamati kwamba mumewe akikoroma kule Olmotonyi, miti ya chuo cha misitu inapukutika. Walicheka, wakaja kunitunza, wakarudi kukaa wakisubiri mwenzao naye atukanwe. Baridi ya Julai ilikuwa inaingia kwa chini ya mlango, lakini nani aliijali.

Nanyori alikuwa anaolewa na Yoeli, mdogo wa mume wangu Frederick. Kwa hiyo mimi nilikuwa MC wa bure. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mama wa Yoeli, alikaa meza ya mbele kama mgeni wa heshima. Jina lake Lydia, ila mbele yake sijawahi kulitamka, namwita mama. Ni mzee wa kanisa. Akikutazama unahisi umesahau kufunga zipu.

Kiti cha pembeni yake alikaa mama wa bibi harusi, Elizabeth, ambaye kila mtu anamwita Mama Nanyori. Mpole kupita kiasi. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, mume anayeitwa Mzee Abdiel, na sauti ambayo ukitaka kuisikia lazima uzime redio.

Mama mfundaji alikuwa amemaliza kazi yake. Masaa mawili. Mume apashiwe maji vipi, mume aandaliwe suruali vipi, mume akirudi amenuna afanywe nini. Ilipofika sehemu ya chumbani aliomba mto, akaulaza mezani, akamwonyesha Nanyori jinsi ya kuuzungushia kiuno ule mto mpaka ukatoka pamba. Wamama wa kwaya walipiga makofi. Hakuna aliyeona haya, maana yote yale yalikuwa ya mume.

Mimi nikasimama.

"Haya, mto umeridhika. Umelala. Sasa tuje kwetu sisi." Nikaweka chungu kipya juu ya meza, kimoja cha zawadi. "Kila mtu atapewa kikaratasi. Andika kile unachokiwaza ukifumba macho. Siyo unachofanya. Unachokiwaza. Jina usiandike. Tutachanganya, tutasoma."

Ukumbi ukanyamaza kama umeme umekatika.

"Heee! Kumbe kwenye mto mnaweza, kwenye kalamu mnaogopa?"

"MC, wewe utatupeleka pabaya," mmoja akasema.

"Wewe pabaya ulishafika zamani, andika."

Wakaandika. Wengine walijifunika na kanga kama wanafunzi wanaoibia mtihani. Koko Naeku, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye hajui kuandika, alimshika mjukuu wake mtu mzima sikio akamnong'oneza, yule mjukuu akasema kwa nguvu, "Koko, hicho mimi siandiki!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama Nanyori aliandika upesi, akakunja, akatumbukiza. Halafu akanigeukia.

"Na wewe je, MC?"

"Mimi mama nasoma tu, siandiki."

"Umetuvua nguo wote, wewe umebaki na koti?"

Meza nzima ilipiga makofi. Andika! Andika! Karatasi zilikuwa zimeisha. Mama Nanyori akafungua pochi, akapekuapekua, akanipa bahasha tupu. Nikageukia ukutani nikaandika.

Nilikuwa naweza kuandika uongo. Utani ninao mwingi, ningeandika chochote kile watu wakacheka. Lakini kile kitu nilikuwa nakibeba mwaka wa pili. Nilikipata kwake huyo huyo Mama Nanyori, siku nimeenda kuchukua maziwa mvua ikanikuta bandani. Bwana mifugo wao, kijana anaitwa Lesian, alikuwa amekuja kumpima ng'ombe. Gambuti hadi magotini, shati limelowa limemganda mgongoni. Hakunifanya kitu. Hata hakuniangalia. Alikuwa anamwambia ng'ombe, taratibu, taratibu mama, nakusubiri mpaka uwe tayari. Basi. Nilirudi nyumbani na maziwa yangu na tangu siku hiyo nikifumba macho nipo kule bandani, na mambo yanaendelea mbele kuliko yalivyoendelea. Halafu nikimaliza naomba toba. Mimi, ninayeshika maiki na kusema kila kitu cha kila mtu. Sikuwahi kumwambia Frederick. Sikuwahi kumwambia rafiki. Nilikuwa naamini nina ugonjwa fulani wa kichwa.

Kalamu ilipogusa bahasha, yote yakatoka yenyewe. Nikakunja mara nne, nikatumbukiza.

Vikaratasi vya mwanzo nilisoma mwenyewe. "Namuwaza fundi aliyetuezekea nyumba, alivyokuwa anashuka ngazi." Shangwe. "Namuwaza mume wangu huyu huyu, ila awe na sauti ya mtangazaji wa redio." Shangwe kubwa zaidi. "Nawaza kitanda kikubwa, niko peke yangu, hakuna mtoto, hakuna mume, nimelala mkingamo." Hapo wanawake walisimama wakapunga leso. Halafu kimoja kilichoandikwa kwa herufi ndogo: "Nataka kubebwa. Nina kilo tisini na nne. Nataka tu mtu anibebe anipeleke chumbani." Hicho hakikuchekwa sana. Kuna mama nyuma alisema "jamani," akafuta macho.

Nilijiona fundi. Nikasema sasa tumheshimu mgeni wetu, mama mzaa bwana harusi, naye achomoe kimoja.

Mama mkwe wangu akaingiza mkono chunguni. Akatoa bahasha.

Nilijaribu kuichukua. "Lete nikusomee, mama."

"Macho ninayo."

Akavaa miwani. Akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Akarudia tena tangu juu. Halafu akaninyang'anya maiki, akasimama, akasoma kwa ile sauti yake ya matangazo ya kanisani.

"Mvua inanyesha. Bwana mifugo amekuja kumpima ng'ombe, amevaa gambuti. Namwambia avue shati, anavua. Namwambia asinisogelee mpaka niseme, hasogei. Mimi ndiye ninayesema sasa shika hapa, sasa acha, sasa rudia. Mume wangu yupo pale pale, amefungwa mikono kwa kamba ya ng'ombe, anaangalia. Anaangalia na anajifunza."

Ukumbi ulipasuka. Koko Naeku alipiga kigelegele kirefu mpaka pumzi ikamwishia. "Huyo bwana mifugo yuko kata gani?" mtu akapiga kelele. "Tuma namba!" Kwa sekunde kama tano nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Walikuwa wanacheka, ndiyo, lakini siyo kwa ubaya. Hakuna aliyesema huyu ana ugonjwa.

Ndipo mama mkwe wangu akaigeuza ile bahasha.

Kwetu kila msharika ana bahasha zake za sadaka, na kila bahasha ina namba yako imeandikwa kwa kalamu pembeni. Namba hiyo ni yako mpaka uzikwe. Kila mwezi wa kwanza wazee wa kanisa wanapita kugawa mpya, na kwa mtaa wetu anayegawa ni mama mkwe wangu. Namba anazo kichwani kama watoto wake. Mimi niliiona namba ile pembeni ya bahasha wakati naandika. Niliiona na sikuiona. Nani anasoma namba ya bahasha tupu?

"Mia mbili kumi na saba," alisema kwenye maiki. Taratibu. "Mama Nanyori, hii ni bahasha yako."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, meza kwa meza. Wale wa nyuma walikuwa bado wanacheka wenzao wameshanyamaza.

Mama Nanyori aligeuka. Aliniangalia mimi. Hakunikazia macho, aliniangalia tu, kama mtu aliyekushikia mlango anasubiri upite. Yeye anajua. Amenipa bahasha ile kwa mkono wake, dakika ishirini hazijapita. Mama mkwe wangu alikuwa amenirudishia maiki, iko mkononi, imewashwa, taa nyekundu inawaka. Maneno mawili tu. "Ni mimi." Hata siyo ya kutafuta.

Nikaleta maiki mdomoni nikasema:

"Kumbe ndiyo maana ng'ombe wa Mama Nanyori hawaugui! Kila wiki wanachanjwa!"

Sikujipanga. Ilitoka kama kikohozi. Ukumbi mzima ulilipuka, na safari hii kicheko kilikuwa na meno. Watu walipiga meza. Mmoja alilia kama ng'ombe, "mooo," na wengine wakadakia. Na Mama Nanyori akaendelea kuniangalia vile vile, ila sasa kama mlango ameshaufunga.

Nanyori alikuwa amekaa kwenye mkeka amefunikwa kanga. Akaifunua. Poda ilikuwa imeanza kuchora mistari.

"Mama," alisema. "Mama, sema siyo wewe."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nilikuwa nimeinama nachezea waya wa maiki kana kwamba umelegea.

Mama Nanyori akasimama. "Bahasha ni yangu," alisema.

"Na maneno?" mama mkwe wangu aliuliza.

"Maneno hayo, mwenye nayo anajijua. Ila kama yangekuwa yangu nisingeyaonea aibu. Ya kwangu bado yamo humo chunguni, Mama Frederick, na ni mabaya kuliko hayo."

"Yatoeni!" Koko Naeku alidai. "Yasomwe!"

Mama mkwe wangu akaziba mdomo wa chungu kwa kiganja. Hakupandisha sauti. "Nyumba ambayo mama anawaza kumfunga baba kamba, mimi sichukui binti humo. Jumatano wazee wetu watakuja kwa Mzee Abdiel. Hawatakaa muda mrefu." Akachukua mkoba. Upande wote wa bwana harusi ukasimama nyuma yake, na mimi ni wa upande wa bwana harusi. Niliweka maiki chini, nikatoka nao.

Frederick alinisubiri nyumbani kwetu Kwa Mrombo na soda mbili. Habari zilishamfikia, zilinitangulia kwa simu. Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

"Eti kafungwa kamba! Anajifunza! Mzee Abdiel masikini wa Mungu, na mvi zile."

"Ni mawazo tu," nilisema.

"Mawazo gani hayo? Mwanamke ana mawazo ya namna hiyo mimi namrudisha kwao siku hiyo hiyo, na kamba yake shingoni. Na wewe nimesikia ulimchoma vizuri, ile ya chanjo." Akanipiga piga begani kama mchezaji aliyefunga goli. "Kunywa soda."

Nilikunywa.

Jumapili Mama Nanyori alikuja ibadani, amevaa vizuri, amekaa benchi lake. Alipopita kwenda kutoa sadaka nilisikia kutoka kwenye mabenchi ya wamama, chini chini kabisa, kwa midomo iliyofumbwa: mmmooo. Alitumbukiza bahasha yake, akarudi kukaa. Mzee Abdiel hakuja. Walisema alipopeleka maziwa asubuhi pale yanapokusanywa, vijana walimwonyesha kamba wakamuuliza leo amefungwa saa ngapi, akaacha ndoo pale pale akaondoka. Lesian naye alihamisha zamu zake, akaagiza Mama Nanyori atafute bwana mifugo mwingine kwa sababu yeye ana mchumba. Na utani wote huo, kila mmoja, ulikuwa na mhuri wangu.

Jumatatu nilipanda Olmotonyi kwa Mama Nanyori. Nilimkuta bandani anakamua. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani hadi kwenye migomba, hata nyumba ya jirani huioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kupiga ndoo, shaa, shaa.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Jumamosi tulikuwa themanini." Akabadilisha chuchu. "Ulinichekea mbele ya themanini, unaniomba msamaha mbele ya ng'ombe. Na huyu ng'ombe hakucheka hata."

Nikaanza kulia. Sikuwa naigiza, ila nadhani nilitegemea kitu fulani kutoka kwenye kile kilio, maana aliponiacha nilie huku akiendelea kukamua nilijisikia mjinga.

"Kwa nini hukunitaja?" niliuliza.

"Ningekutaja ungekataa. Mama mkwe wako angekubeba. Ningekuwa mchafu na mwongo juu yake." Alinyanyua ndoo, akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi sina hasira na ulichoandika. Nilipokisikia kinasomwa nilifurahi, nikasema kumbe huyu mtoto ni mtu. Nina miaka hamsini na mbili, nimezaa wanne, hakuna mtu amewahi kuniuliza unataka nini. Ukaniuliza wewe. Halafu nilipokujibu ukanicheka."

"Frederick akijua ataniacha."

"Na Nanyori ameshaachwa. Jumatano wanakuja kusaini tu." Akanipita. Mlangoni akasema, "Mimi sitakutaja, usiogope. Sitakufanyia kazi yako."

Jumanne saa tano asubuhi nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe wangu. Nilifanya mazoezi njia nzima. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akanionyesha kiti kwa kidevu.

"Mama, ile bahasha ni ya Mama Nanyori. Lakini maneno niliandika mimi."

Hakuacha kuchambua. Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni ya ungo.

"Najua," alisema.

Nikadhani sijasikia. "Unajua?"

"Kadi zote za harusi hii umeandika majina wewe. Zimekaa mezani kwangu miezi miwili. Hiyo herufi yako ya k yenye mkia ningeijua hata gizani."

"Ulijua pale pale?"

"Kabla sijavaa miwani vizuri." Kijiwe kingine. "Yule binti amemzidi Yoeli miaka minne. Nilisema tangu mwanzo sitaki, nikaambiwa mama huna sababu. Nikawa naomba sababu. Umeniletea kwenye chungu, tena na namba juu."

"Lakini ungenitaja mimi..."

"Nikutaje wewe? Nichafue nyumba ya mwanangu mkubwa niisafishe ya mdogo? Nilikupa maiki makusudi nione utafanya nini. Ulifanya vizuri. Uliniokolea maneno." Sasa ndiyo aliniangalia, na alikuwa anatabasamu, na ninaapa lilikuwa tabasamu la upendo. Hakuwahi kunipenda kama alivyonipenda dakika ile. "Nenda nyumbani, mpikie mume wako. Hiyo michezo ya kichwani kwako tutaiombea, mimi na wewe tu, hakuna atakayejua. Chuo hukumaliza, Lilian. Angalau ndoa maliza."

Akanifungia maharage kilo mbili niende nayo.

Nilirudi Kwa Mrombo nayo mkononi. Kwa siku tatu nilikuwa nimejiambia naogopa mama mkwe akijua. Sasa anajua na hakuna kilichotokea, nimepewa na maharage. Ningeweza kukaa hivyo maisha yangu yote. Tungeomba pamoja kila Ijumaa, kila mwaka angenishika vizuri zaidi, na Mama Nanyori angeliliwa mooo na wamama wa benchi la nyuma mpaka siku wanamzika. Nilijiona nikiwa mzee na miwani ile ile, nachomoa vya wenzangu kwenye chungu.

Saa kumi na moja jioni Frederick alikuwa sebuleni anaangalia mpira. Mimi nilichukua simu nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikafungua bomba lijaze ndoo ili asisikie. Grupu la kitchen party bado lilikuwepo, watu tisini na tatu, ujumbe wa mwisho ulikuwa picha ya ng'ombe ambayo mtu alituma na vicheko ishirini. Nikaminya voisi. Nikasema. Nilisema haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayewahi benki isifungwe, ni mimi, siyo Mama Nanyori, bahasha aliniazima, maneno ni yangu yote, na nikayarudia yale maneno. Gambuti. Shika hapa, acha, rudia. Kamba. Nikatuma. Nikakaa kwenye ukingo wa karo.

Alama za bluu zikaanza. Watu kumi. Thelathini.

Halafu mama mkwe wangu akaandika: "Hapo hakuna kinachosikika ni maji tu. MC amekosea kutuma. Kikao cha kesho kwa Mzee Abdiel kiko palepale."

Wawili watatu wakadakia upesi, kweli, ni maji, pole MC. Nilisikiliza mwenyewe. Ilikuwa kweli. Ulikuwa unasikia bomba, na nyuma ya bomba mwanamke fulani anabwabwaja kama yuko kisimani. Mtu aliyetaka kusikia angesikia. Asiyetaka alikuwa na maji ya kutosha.

Na hapo niseme ukweli wote: nilishukuru. Moyo wangu ulitulia. Nimejaribu, Mungu ameona, na haikusikika. Mtu angenilaumu nini zaidi?

Simu ikatetemeka. Mama Nanyori, ambaye tangu Jumamosi hakuwa ameandika kitu kwenye lile grupu:

"Kweli ni maji. Funga bomba MC. Rudia."

Nikabaki nayo mkononi. Ndoo ilikuwa imejaa inamwagika miguuni. Chini ya ujumbe ule yakaja maneno yaliyoandikwa na mjukuu wa Koko Naeku: "Koko anasema arudie na aseme kwa nguvu, yeye sikio lake zito."

Nikafunga bomba. Bafuni pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia mtangazaji wa mpira anataja namba za jezi. Hapo ndani hata nikisema kwa nguvu sauti ingerudi rudi ukutani, wangesema tena haieleweki. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na mahali pekee ambapo sauti inatoka safi ni sebuleni.

Nikatoka. Frederick alikuwa amenyoosha miguu kwenye stuli. "Umeoga bila kubadilisha nguo?" aliuliza macho yakiwa kwenye TV. Nikasimama nyuma ya kochi. Nikaminya.

"Mimi naitwa Lilian," nilisema, kwa ile sauti ya ukumbini. "Mke wa Frederick. Nilikuwa MC wenu. Ile bahasha aliniazima Mama Nanyori nilipokosa karatasi. Kilichoandikwa ndani ni changu, nakiwaza mwaka wa pili sasa, na mama mkwe wangu alinijua kwa mwandiko kabla hajaisoma. Nakirudia, ili kila mtu akijue ni cha nani."

Frederick alishusha mguu mmoja. Alichukua rimoti akapunguza sauti.

Nikarudia. Sikukimbia. Mvua nikaiacha inyeshe. Nilipofika kwenye shati niliona shingo ya Frederick ikisimama, na nilipofika kwenye kamba sikuinama kushika waya wowote, kwa sababu hakukuwa na waya. "Anaangalia na anajifunza," nikamaliza. Nikaachia kidole. Ikaenda.

Ilichukua dakika tatu. Kwanza ikaja ile mistari midogo ya kijivu katikati: Mama Frederick ameondoka kwenye grupu. Halafu Nanyori alituma alama ya mikono inayoomba, akaifuta, akaituma tena. Halafu Mama Nanyori akaandika neno moja, bila asante, bila pole, bila jina langu.

"Imesikika."

Nilipoinua macho, Frederick alikuwa ameshazima TV.